Sentimita Thelathini

Mtu akiitwa Kupe na wenzake kazini, ajue hawampendi. Inspekta alilibeba jina hilo tangu akiwa koplo na hakuwahi kulikataa. Kupe akiuma haachii mpaka ashibe, na yeye Jumatatu ile alikuwa bado hajashiba, ingawa kituo kizima kilishasema kazi imekwisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ijumaa asubuhi mfagizi wa ukumbi wa sanaa alifungua chumba cha pili akamkuta Mwalimu amelala chini ya ukuta, kichwa kimepasuliwa kwa nyundo. Mwalimu alikuwa mama wa makamo aliyefundisha watu watatu namna ya kuandaa maonyesho ya picha, na maonyesho ya kwanza ya wanafunzi hao yalikuwa yafunguliwe wiki hii. Nyundo ilikuwa ya Fundi, mtundikaji wa picha wa ukumbi. Alama za vidole kwenye mpini zilikuwa za Fundi. Na Alhamisi alasiri jengo zima lilimsikia Fundi akifokeana na Mwalimu mlangoni. Kupe mwenyewe ndiye aliyemfunga pingu, na siku hiyo alikula chakula chake cha mchana saa saba kama kawaida.

Sasa, saa tisa alasiri ya leo Fundi angefikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la mauaji, na kosa hilo halina dhamana. Mkewe alikuwa kwenye benchi la kituo tangu Jumamosi, mfuko wa nguo safi mapajani. Kila Kupe alipopita, yule mama alisimama. Anasimama tu, halafu anakaa tena. Uone hivyo mara tano sita kwa siku, hata chai unaiacha mezani.

Ndiyo maana saa tatu asubuhi Kupe alirudi chumba cha pili. Kilichomkera kilikuwa kidogo, lakini kilikataa kutoka kichwani. Picha ishirini na mbili za marehemu mchoraji mmoja zilikuwa sakafuni, zimeegemezwa ukutani juu ya vipande vya sponji. Ya ishirini na tatu ndiyo pekee iliyotundikwa: mwanamke amesimama mlangoni, mkono kiunoni. Na ilikuwa juu ya pale pale alipoangukia Mwalimu.

"Kwa nini moja tu?" aliuliza.

Mkurugenzi wa ukumbi alikuwa amekuja kumpokea mwenyewe. Alikuwa mzee wa suti ya kijivu, sauti ya upole, mikononi glavu nyeupe za pamba zenye mikunjo ya pakiti bado.

"Binti yangu," alisema, na Kupe, mwenye miaka hamsini na mbili na wajukuu wawili, akamwachia. "Kuandaa maonyesho si kupigilia misumari. Unajua tunaanzia wapi?"

"Sijui. Nifundishe."

Basi akamfundisha, na tumpe haki yake, mzee yule alijua kufundisha.

"Tunaanza na swali. Maonyesho ni swali moja. Unachagua picha zinazolijibu, na zisizolijibu unaziacha stoo hata kama zinapendeza. Kuacha ndiyo kazi." Akampeleka kwenye meza yenye chumba kidogo cha boksi, kimekatwa milango na madirisha, na vijipicha vya ukubwa wa stempu vimebandikwa ndani kwa nta. "Hapa ndipo unapokosea, kwa sababu hapa kosa halina hasara. Ukisharidhika, unazileta picha zenyewe, unaziegemeza chini mahali pake. Unaingia kama mgeni. Jicho linatua wapi kwanza? Mguu unageukia wapi? Hizi mbili zinapatana au zinagombana? Unakaa nazo siku mbili tatu. Ndipo unamwita fundi."

"Na fundi anatundika kimo gani?"

"Ah!" Mzee alichangamka. "Sentimita mia na hamsini toka sakafuni mpaka katikati ya picha. Si ukingo wa juu wala wa chini. Katikati. Kubwa na ndogo, vitovu vyote mstari mmoja. Hicho ndicho kimo cha jicho la mtu aliyesimama. Nimetundika hivyo miaka thelathini na miwili. Nifunge kitambaa usoni, nitakutundikia."

Kupe alitoa futi kamba. Ukingo wa chini wa picha ya mwanamke ulikuwa sentimita mia na kumi toka sakafuni, wa juu mia na tisini. Alihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la tatu. Katikati palikuwa mia na hamsini kamili.

"Yule fundi hana shule, lakini mkono wake umenyooka," Mkurugenzi alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Ila mkaidi! Hata glavu havai, eti zinateleza. Anashika kazi za watu kwa mikono mitupu." Akatikisa kichwa. "Alhamisi nilitoka saa sita mchana kwenda kwa daktari wa meno, sikurudi. Ningekuwepo, pengine..."

Kupe alikuwa anatazama sakafu. Mbele ya kila picha iliyoegemezwa palikuwa na kadi ndogo iliyochapwa: jina la picha, mwaka, aina ya rangi, mmiliki. Kadi ishirini na mbili. Ile iliyotundikwa haikuwa na kadi.

"Hii haina lebo?"

"Labda haijachapwa bado. Wanafunzi hao, unawajua tena."

"Na mtu anaua, halafu anatundika picha. Au anatundika, halafu anaua. Wewe unaonaje?"

"Hasira ni wazimu, binti yangu."

Kupe alishukuru, akaenda darasani.

Chumba cha darasa kilikuwa nyuma ya jengo, na ukuta wake mmoja ulikuwa umetobolewa kama chujio. Wanafunzi watatu walikaa mezani bila kazi. Mmoja alikuwa nesi mstaafu, wa pili mchora mabango, wa tatu karani kijana mwenye shati lisilopigwa pasi.

"Afande, huo ukuta usiutazame sana," Mchora mabango alisema. "Ndiyo aibu yetu. Matundu manne kwa kila picha. Nesi, matano."

"Nimedunga watu miaka thelathini na mitano sikukosa," Nesi alijibu. "Ukuta ndio ulionishinda."

Walicheka kidogo, kisha wakakumbuka. Kupe aliomba madaftari. La Nesi lilikuwa na mwandiko wa wodini, kila kitu na tarehe na saa yake. Alipofika Alhamisi alisoma mara mbili.

"Mama, hapa umekosea. Umeandika mstari ni mia na ishirini. Ni mia na hamsini."

"Sijakosea. Mia na hamsini ni somo la Jumatatu iliyopita. Alhamisi saa nane Mwalimu alibadilisha."

"Kwa nini?"

"Mjane wa mchoraji ndiye anayefungua maonyesho. Yuko kwenye kiti cha magurudumu mwaka wa tisa huu. Mwalimu alileta kiti hapa, akatukalisha, akapima macho yetu yanafika wapi. Akasema sheria imeandikwa kwa mtu anayesimama, na mwenye picha zake hasimami. Sharti tujue msingi ili tujue siku ya kuuvunja."

"Na ndio ugomvi wenyewe huo," Mchora mabango alidakia. "Fundi alisema picha zitaonekana zimechuchumaa. Watu watamcheka yeye, si Mwalimu. Wakapayukiana pale mlangoni, nusura dari lishuke. Mwishowe Mwalimu akamwambia kaa kwenye kiti. Akakaa. Akatazama ukuta kimya, kama dakika nzima. Halafu akainuka, akachomoa penseli sikioni, akaenda kutia alama. Tulipoondoka saa kumi na moja alishamaliza chumba cha pili, nyundo ameiacha pale, anakwenda zake nyumbani. Wameagana vizuri, na utani juu."

Kupe aliweka daftari chini. "Hayo mliwaambia polisi?"

"Mlituuliza kama waligombana. Tukasema ndiyo. Hakuna aliyetuuliza kama walipatana."

Uso ulimwaka Kupe. Aliyeuliza swali lile Ijumaa alikuwa yeye, amesimama, ufunguo wa gari mkononi. Aibu ilimshika haswa, na hakuwa na pa kuiweka.

"Mnyonge mnyongeni," Mchora mabango aliongeza taratibu, "haki yake mpeni."

"Nani hakuwepo Alhamisi hiyo?"

Wawili walimtazama wa tatu. Karani alianza kufunga na kufungua kifungo cha mkono wa shati.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, afande."

"Na nani?"

"Na mke wangu."

"Basi nimpigie simu."

"Hapana! Yaani... hayupo. Amesafiri."

"Amesafiri, na Alhamisi mlikuwa naye nyumbani." Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na hatua mbili tu. Kupe alisogeza kiti. Hapa alikuwa na mtu aliyejua somo la mia na hamsini, asiyejua la mia na ishirini, na anayedanganya. Kwa polisi hiyo ni sikukuu. "Simama."

Nesi aliweka mkono begani kwa Karani. "Mwambie, mwanangu. Hakuna aibu."

Karani hakusimama. Aliongea na meza. "Tulikuwa hospitali toka Alhamisi asubuhi. Mtoto alizaliwa amekufa. Mke wangu bado yuko wodini. Hakuna ninayeweza kumwambia, ndiyo maana nakuja hapa nakaa."

"Nilipiga simu wodini mwenyewe," Nesi alisema. "Hakutoka mpaka Ijumaa mchana."

"Pole, baba," alisema Kupe, na pole yake ilikuwa ya kweli. Hata hivyo alimtuma Sajini wake kwenda kuthibitisha, maana ukweli uliothibitishwa humlinda mwenyewe. Kisha akauliza maswali mawili ya mwisho. "Glavu nyeupe, mnazo?"

"Tumeahidiwa wiki hii," Nesi alisema. "Kwa sasa anazo Mkurugenzi tu. Hatoki bila glavu zake mfukoni."

"Na lebo aliandika nani?"

"Mimi. Zote ishirini na tatu. Nilizipanga mwenyewe Alhamisi, moja mbele ya kila picha." Akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari, akageuza upande wa Kupe. Namba kumi na moja ilisomeka: *Mwanamke Mlangoni. Rangi ya mafuta. Mali ya mjane wa mchoraji. Iliazimwa na ukumbi huu kwa siku sitini, miaka ishirini na sita iliyopita.*

"Siku sitini?"

"Mjane anayo hati, ndani ya kopo la biskuti. Mwalimu aliiona kwa macho yake. Picha ilikuwa nyumbani kwa Mkurugenzi miaka yote hiyo. Yeye ametuletea akisema ni yake, anatukopesha kwa moyo mweupe."

Saa sita kasoro Sajini alirudi kutoka hospitali. Karani alikuwa amesema kweli. Kupe akamwambia avae glavu za mpira na ashike upande wa kushoto wa fremu.

Siku nne picha ile ilining'inia mbele ya macho ya polisi sita, na hakuna aliyewaza kuiteremsha. Walipiga picha sakafu, walipakia nyundo, walipima damu iliyotapakaa chini. Picha ni picha, ni pambo. Kupe mwenyewe Ijumaa alisimama mbele yake akasema mwanamke huyu anamkumbusha shangazi yake.

"Moja, mbili, inua."

Nyuma yake ukuta ulikuwa na wingu la rangi ya kahawia. Mtu alijaribu kufuta kwa kitambaa cha maji, rangi nyeupe ya ukuta ikanywa damu badala ya kuitoa. Msumari ulikuwa mmoja na tundu moja, hakuna kujaribu wala kubahatisha. Kupe alipima, sentimita mia na themanini na nne. Alitafuta penseli yake, akapiga hesabu aliyoikuta kwenye daftari la Nesi: nusu ya urefu wa picha ni arobaini, waya ukivutwa unabaki sita chini ya ukingo wa juu. Mia na hamsini ongeza arobaini toa sita. Sawa sawa.

Halafu akateremsha futi kamba sentimita thelathini. Pale, ndani ya doa, palikuwa na msalaba mdogo wa penseli, mwembamba, kazi ya mtu asiyependa kuchafua ukuta. Mia na hamsini na nne. Tone moja la damu lilikuwa limekaukia juu yake.

"Sajini, njoo utazame. Kipi kiko juu ya kipi?"

Sajini aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. "Damu iko juu ya penseli."

"Kwa hiyo?"

"Fundi alitia alama kabla Mwalimu hajapigwa."

"Sasa wewe ni Fundi. Umeua. Unataka kufunika damu kwa picha. Alama yako mwenyewe hii hapa, umeipima jioni hii hii. Unapiga msumari wapi?"

"Penye alama."

"Huyu amepiga sentimita thelathini juu."

"Labda alibabaika, afande. Mtu ametoka kuua."

"Angebabaika tungeona matundu manne. Hili ni moja, na halikupotoka hata unywele. Huyu hakubabaika. Huyu alifanya alivyozoea." Mazoea yana taabu, wahenga walisema. Kupe aligeuza picha uso chini juu ya kitambaa safi. Ncha ya waya, pale uliposokotwa, ilikuwa imenasa uzi. Uzi wa pamba, mweupe upande mmoja, kahawia upande wa pili.

"Mpigie daktari wa meno," alisema. "Halafu leta pingu."

Mkurugenzi alikuwa ofisini anafuta miwani. Alimwonyesha kiti kwa mkono wa glavu.

"Somo limeeleweka?"

"Limeeleweka. Nina swali la mwanafunzi. Picha za chumba cha pili, wewe ungezitundika kimo gani?"

"Tulishasema. Mia na hamsini."

"Hata kwa maonyesho haya?"

"Kwa maonyesho yoyote."

"Mwalimu aliwaambia mia na ishirini."

Mzee aliweka miwani mezani. Aliiweka polepole, vioo juu. "Upuuzi. Nani anatundika picha magotini kwa watu?"

"Mjane anakuja na kiti cha magurudumu. Walibadilisha Alhamisi saa nane. Mchora mabango anajua, Nesi anajua, Fundi ametia alama ukutani kwa mkono wake. Karani hakujua, lakini alikuwa hospitali, na kwa ukuta ule wa darasani namwona akitoboa mara nne. Katika jengo hili aliyebaki, anayeweza kutundika kwa tundu moja na asiyejua habari za mia na ishirini, ni mmoja."

"Huo si ushahidi."

"Peke yake, hapana. Alhamisi ulitoka mchana, ndiyo maana hukulisikia somo jipya, lakini daktari wa meno anasema miadi yako ilikuwa Jumatano. Na glavu hizo ni mpya. Za zamani ziko wapi?"

Mkurugenzi alitazama mikono yake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemvisha.

"Sitaki unijibu," Kupe alisema. "Uzi wake ninao. Umenasa kwenye waya."

Alianza kuzivua, kidole kimoja kimoja. Alipozimaliza alizikunja pamoja, akazilaza kando ya miwani. Ndipo akasema, na sauti ilikuwa ile ile ya upole.

"Kadi ndogo, kama kiganja hivi. Nilimwomba aandike 'mkusanyo binafsi'. Maneno mawili. Dunia nzima wanaandika hivyo. Akasema lebo ni neno letu kwa mgeni, hatuwezi kumdanganya mlangoni. Akasema nitamrudishia yule mama picha yake mbele ya watu, siku ya ufunguzi, na yeye atapiga makofi." "Miaka ishirini na sita iko juu ya meza yangu ya chakula. Wanangu wamekulia chini yake."

"Na Fundi?"

"Fundi kafanyaje?"

"Ulikuwa unamwacha anyongwe."

"Nyundo ilikuwa pale pale," mzee alisema, kama mtu anayeeleza kwa nini alichukua mwavuli.

Kupe alitamani kumpiga. Hakufanya hivyo. "Ungeitundika upande upande," alimwambia, "juu kidogo, chini kidogo, kama mtu yeyote, nisingekuona."

Mkurugenzi aliwaza jambo hilo kwa makini kabisa. "Siwezi," alisema. "Mimi siwezi kutundika vibaya."

Sajini alimfunga pingu.

Saa nane na dakika arobaini Kupe aliweka karatasi mezani kwa mkuu wa kituo. Mkuu alisoma, akaguna, akauliza atamwambia nini hakimu, maana karatasi nyingine ilikuwa tayari. Alimsukumia. Yalikuwa maungamo ya Fundi, yametiwa sahihi Jumapili. Sahihi ilipinda na kuyumba mpaka nje ya mstari. Mkono uliochora msalaba ule mwembamba ukutani usingeandika hivi.

Fundi alitolewa mahabusu mkono wa kulia umefungwa kipande cha shati. Vidole viwili vilivyochungulia vilikuwa vimevimba, vyeusi, vinatazama upande usio wake.

"Nani?" Kupe aliuliza.

"Nilianguka, afande."

"Lini?"

"Jana. Wakati natia sahihi."

Kupe alimgeukia askari wa zamu, naye akageukia dirisha. Jina litapatikana, alijiapiza, na yeye akiuma haachii. Lakini vidole vilikuwa vimeshavunjika, na pingu aliyoanza nayo mtu yule ilikuwa ya Kupe.

Mke wa Fundi alikuwa amesimama. Safari hii hakukaa.

"Umenipita mara kumi na saba," alimwambia Kupe. "Nilikuwa nahesabu."

"Nisamehe, dada."

"Sijui." Akachukua mkono mzima wa mumewe. "Labda baadaye. Sasa hivi sijui."

Walikuwa wameshafika mlangoni Fundi aliposimama. "Ile ya mlangoni," aliuliza. "Imetundikwa?"

"Ni kielelezo. Saa kumi gari linaipeleka stoo ya mahakama. Kesi ikiisha itarudi."

"Kesi ya namna hiyo huchukua muda gani?"

"Miaka mitatu. Minne."

"Yule mama ana themanini na sita," alisema Fundi.

Kupe alitazama saa ya ukutani. Halafu akatafuta namba ya Nesi.

Saa kumi kasoro dakika kumi Nesi alisukuma kiti cha magurudumu mpaka katikati ya chumba cha pili. Bibi mwenyewe alikuwa mdogo, shuka miguuni, macho makali. Nesi alishamweleza yote njiani, naye hakulia. Alisema tu, "Kumbe." Kupe alikuwa amevaa glavu za mpira, ameinyanyua picha kutoka kwenye kitambaa. Alikwenda ukuta wa mkabala, ule safi, akaigandamiza pale.

Mke wa Fundi alishika ncha ya futi kamba sakafuni. Fundi aliivuta juu kwa mkono wa kushoto, akakunja jicho moja.

"Teremsha," alisema. "Bado. Tena kidogo."

"Nikishuka zaidi itabidi nipige magoti."

"Basi piga."

Kupe alipiga magoti. Hayakuwa magoti ya kijana, na sakafu ilikuwa ya saruji.

"Hapo," alisema Fundi. "Usitikisike."

Bibi alicheka, kicheko kifupi kilichowashtua wote. "Ndivyo alivyokuwa akiniambia! Usitikisike. Mimi nimekuja kumwita ale, ugali unapoa, yeye ananiambia simama hapo hapo, usitikisike." Alijivuta mbele kwenye kiti. Jicho lake na la mwanamke wa mlangoni yalikuwa yametazamana sawa kwa sawa. "Nilikuwa na miguu mizuri," alisema. "Mnaona?"

"Tunaona, mama," Nesi alisema.

Nje gari la vielelezo lilipiga honi. Mikono ilimuuma Kupe mpaka mabegani. Bibi alisikia honi, na alijua maana yake. Alinyoosha kidole, akakaribia kugusa fremu, akakirudisha.

"Mara ya kwanza waliniambia siku sitini," alisema. "Na nyinyi, mwanangu, mnaichukua kwa siku ngapi?"

Honi ililia tena. Kupe aliishika picha pale pale aliponyooshewa, sentimita mia na ishirini.